Mjomba anasema ni digrii ya kuongea: nichukue Mawasiliano ya Biashara au niache?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya kwanza ya mawasiliano ya biashara. Nyumbani wamegawanyika. Mjomba wangu, ambaye ni mhasibu, anasema hiyo ni digrii ya kuongea, na kuongea kila mtu anajua. Mimi napenda kuandika, hesabu nilizikimbia tangu sekondari, ndiyo maana niliichagua. Naomba uniambie ukweli: huko ndani wanasoma nini hasa, itanibidi nihesabu, na nikimaliza nitaajiriwa kama nani? Tena siku hizi mashine zinaandika zenyewe. Nisije nikawa nasomea kazi iliyokwisha kufa.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza mengi, na lililo zito kuliko yote umelipitisha haraka katikati ya sentensi, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai. Umesema hesabu ulizikimbia, ndiyo maana ukaichagua digrii hii. Basi nikupe habari: hesabu zimekutangulia. Zimekaa mlangoni zinakusubiri.

Neno "biashara" kwenye jina la shahada hiyo halikuwekwa kwa urembo. Katika programu iliyopangwa vizuri, miaka miwili ya kwanza utakutana na uhasibu wa utangulizi, uchumi, takwimu, masoko, usimamizi na sheria ya biashara. Hawataki kukugeuza mhasibu. Wanajua kwamba siku moja bosi atakutupia karatasi ya matokeo ya mwaka na kukwambia, "Waandikie wafanyakazi aya mbili, wajue tumefanyaje."

Hebu tuitazame karatasi hiyo. Faida ya mwaka jana ilikuwa milioni 30, mwaka huu ni milioni 40. Anayeogopa hesabu anasoma mistari hiyo miwili, anafurahi, anaandika kwamba mwaka umekuwa wa mafanikio makubwa. Wiki tatu baadaye kampuni inasimamisha ajira mpya na kuanza kuwapiga chenga wanaoiuzia mali. Wafanyakazi wanauliza: si mlisema tumepata faida? Jibu lilikuwa ukurasa wa pili, kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha. Bidhaa ziliuzwa kwa mkopo, na fedha iliyo mikononi mwa wadaiwa iliongezeka kwa milioni 45 ndani ya mwaka huo. Faida 40, toa 45 ambazo wateja hawajalipa, na ukiweka mengine pembeni shughuli za mwaka zimelitoboa sanduku kwa milioni 5. Kampuni ina faida na haina pesa, na yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

Hesabu yenyewe uliyoiona hapo ni ya kutoa, mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Kigumu ni kujua mahali pa kutazama. Takwimu nazo ziko vivyo hivyo. Ukiambiwa malalamiko ya wateja yametoka asilimia 4 kwenda asilimia 6, utaandika yameongezeka kwa kiasi gani? Anayetaka kulifunika jambo atasema "asilimia 2", anayetaka kulikuza atasema "asilimia 50". Hilo la pili ndilo ongezeko lenyewe kwa hesabu. Lile la kwanza ni pointi 2 za asilimia, na kuliita "ongezeko la asilimia 2" ni kosa ambalo wasomaji wengi hawalikamati. Wewe ndiye unayepaswa kulikamata kabla halijatoka. Kwa hiyo ndiyo, utahesabu. Si hesabu za kukukosesha usingizi, ila ukizikwepa utabaki mpambaji wa maneno ya watu wengine, na mpambaji huyo ndiye mjomba wako anayemsema.

Sasa huko ndani. Kwanza, majina yasikuchanganye. Kozi inayoitwa mawasiliano ya biashara mahali pamoja, pengine huitwa mawasiliano ya taasisi, mawasiliano ya kimkakati au mawasiliano ya kampuni, na mara nyingi hukaa nyumba moja na uhusiano wa umma. Mimi siangalii jina, naangalia kitivo. Ikiwa chini ya kitivo cha biashara, utapata uhasibu na uchumi zaidi, uandishi wa habari kidogo. Ikiwa chini ya kitivo cha uandishi wa habari, itakuwa kinyume chake, na hapo itakubidi uitafute biashara kwa nguvu zako, kwenye masomo ya hiari. Omba orodha ya masomo ya miaka yote kabla hujathibitisha nafasi. Wakikupa kipeperushi chenye picha za vijana wanaocheka mbele ya kompyuta, rudi tena uombe orodha.

Muda hutegemea nchi. Uingereza kwa kawaida ni miaka 3, ingawa Scotland ni 4. Marekani ni miaka 4, na kawaida ni krediti 120 za muhula. Huko krediti moja hukadiriwa kuwa saa moja darasani kwa wiki na saa mbili nje ya darasa, kwa hiyo mwanafunzi mwenye krediti 15 anatarajiwa kufanya kazi ya saa 45 kwa wiki. Nataja hili kwa sababu wengi huingia digrii hii wakidhani ni nyepesi, na muhula wa kwanza huwakuta wamelala.

Moyo wa digrii ni uandishi, na nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu hudhani wameshajua. Utaandika barua pepe, madokezo, ripoti, mapendekezo ya mradi, kumbukumbu za vikao, taarifa kwa vyombo vya habari, muhtasari wa ukurasa mmoja wa ripoti yenye kurasa 60. Utagundua kwamba insha nzuri ya sekondari, ile iliyokupa alama za juu, ni mbaya kazini. Insha hupanda polepole mpaka hoja kuu mwishoni. Msomaji wa kazini hafiki mwishoni. Anasoma amesimama, simu inaita, na akifika mstari wa tatu bila kujua unataka nini anaiacha.

Nikupe kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliambiwa niwaandikie wafanyakazi kuhusu mfumo mpya wa malipo. Nikaketi nikatunga:

"Kufuatia maboresho ya mfumo wa malipo yanayolenga kuongeza ufanisi na uwazi, uongozi unapenda kuwataarifu wafanyakazi wote kwamba uchakataji wa stahiki mbalimbali sasa utafanyika kwa utaratibu mpya..."

Iliendelea hivyo aya tatu. Kwenye aya ya nne nikaweka: "Hivyo, kwa mwezi huu baadhi ya malipo yanaweza kuchelewa kidogo." Bosi akasaini. Mimi nikajipongeza kwa lugha.

Tarehe 25 ilipofika na akaunti zikiwa kavu, korido ilijaa. Mama mmoja wa idara ya usafi alinionyesha tangazo langu, amelikunja mara nne, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, humu umesema wapi kwamba hatulipwi leo?" Nikamwonyesha aya ya nne. Akaisoma kwa sauti, akaniuliza tena: "Baadhi ni akina nani? Kidogo ni siku ngapi?"

Sikuwa na jibu. Siku hiyo nilishuka ofisi ya fedha kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, nikauliza, nikarudi nikaandika upya:

"Mshahara wa mwezi huu utaingia tarehe 30, si tarehe 25. Tumebadilisha mfumo wa malipo na benki inahitaji siku tano kuhakiki akaunti zote. Mwezi ujao tarehe inarudi kuwa 25. Mwenye mkopo au kodi ya kulipwa kabla ya tarehe 30 afike ofisi ya fedha, atapewa barua ya kumpelekea anayemdai."

Ukiyalinganisha matangazo hayo mawili utaona la pili ni fupi na jepesi, ukadhani tofauti ni mtindo. Siyo. Tofauti ni kwamba la pili limeandikwa na mtu aliyeuliza. "Baadhi", "kidogo" na "yanaweza" hayakuwa maneno ya adabu. Yalikuwa blanketi la kufunika yale nisiyoyajua. Tangu hapo kila ninaposahihisha kazi ya mwanafunzi na kukuta sentensi yenye ukungu, simwambii arekebishe lugha. Namwuliza: hapa ni kitu gani hukukijua? Mara nyingi anacheka, maana anajua nimemshika.

Usidhani ni mambo ya matangazo ya mishahara tu. Januari 16, 2003 chombo cha angani Columbia, cha shirika la anga la Marekani, NASA, kiliruka kutoka Florida, na sekunde kama 82 baada ya kuruka, kipande cha povu la kuhami joto kilibanduka kwenye tangi la nje kikagonga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi walitakiwa kukadiria madhara, na matokeo yao yakawasilishwa kwa slaidi. Kichwa cha mojawapo ya slaidi hizo kilisomeka kwa namna ya kutuliza: mapitio ya data za majaribio yanaonyesha makadirio yameegemea upande wa usalama. Chini kabisa, kwenye mstari wa mwisho, kulikuwa na tarakimu mbili: kipande kinachozungumzwa, inchi za ujazo 1,920, vipande vilivyotumika kwenye majaribio, inchi za ujazo 3. Gawanya. Ni mara 640. Yaani majaribio yaliyotumika kutuliza watu yalihusu kitu kidogo mno kiasi kwamba yasingeweza kusema lolote la uhakika juu ya pigo lile, na habari hiyo ndiyo iliyowekwa mkiani. Februari 1 chombo kilivunjika angani kikirejea, wanaanga wote 7 wakafa. Sisemi slaidi ndiyo iliyoua. Lakini bodi ya uchunguzi iliitazama slaidi ile kwa makini kiasi cha kuijadili ndani ya ripoti yake. Kila ninapoionyesha darasani nawapa wanafunzi dakika mbili watafute mstari wenye uzito, na wengi hawaufikii.

Ukiniuliza digrii hii inafundisha nini kwa sentensi moja, ndicho hicho: kuutambua mstari wenye uzito na kuupandisha juu, mahali ambapo mtu mwenye haraka atauona. Na huwezi kuutambua kama huijui biashara inayozungumzwa. Mwandishi asiyejua kwamba 1,920 na 3 ni jambo la kutisha atauacha palepale chini na kupanga vizuri rangi za slaidi.

Kuongea nako kupo, mjomba hajakosea kabisa. Utasimama mbele ya wenzako mara nyingi, utatetemeka mara za mwanzo, kisha utazoea. Ushauri wangu ni mmoja: jirekodi kwa simu na ujisikilize mpaka mwisho, hata kama unaona aibu. Utasikia "kwa hiyo" arobaini ndani ya dakika tano. Zikipungua zikawa kumi, umepata zaidi ya utakachosomewa kwenye mhadhara wa saa mbili.

Nadharia nazo zitakuwepo, na si nyingi za kukutisha. Utaanza na Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliyegawa ushawishi mafungu matatu zaidi ya miaka 2,300 iliyopita: sifa ya msemaji, hisia za wasikilizaji, na hoja yenyewe. Utamkuta Claude Shannon, mhandisi wa maabara za Bell, za kampuni ya simu ya Marekani, ambaye mwaka 1948 aliandika hisabati ya kusafirisha ujumbe penye kelele. Yeye alikuwa akiwaza nyaya za simu, walimu wa mawasiliano wakamwazima na hawajamrudisha. Utawakuta James Grunig na Todd Hunt, wataalamu wa Marekani walioeleza mwaka 1984 namna nne za uhusiano wa umma, kuanzia kupiga debe tu hadi mazungumzo ya pande mbili ambamo kampuni nayo inakubali kubadilika. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosifiwa zaidi darasani na kuonekana mara chache zaidi maofisini.

Kwenye somo la tamaduni kuwa macho. Edward T. Hall, mwanaanthropolojia wa Marekani, alieleza jinsi jamii nyingine huacha mengi bila kutamkwa, yakachukuliwa na mazingira, na nyingine hutaka kila kitu kisemwe. Wazo hilo linasaidia sana. Geert Hofstede, mtafiti wa Uholanzi, alikwenda mbali zaidi, akaupa utamaduni wa kila nchi alama kwa tarakimu. Wanafunzi huzipenda alama hizo kwa sababu zinakaririka, kisha wanamtazama mtu mmoja aliyeketi mbele yao na kumsomea alama za nchi yake. Kumbuka data zake za awali zilitoka kwa wafanyakazi wa kampuni moja, ile ya kompyuta ya IBM, kati ya mwaka 1967 na 1973. Na hata wastani ukiwa sahihi, hukai kikaoni na wastani. Unakaa na mtu.

Somo litakalokuchangamsha bila shaka ni mawasiliano wakati wa janga. Utasoma kisa cha Tylenol, dawa ya kutuliza maumivu, mpaka ukichoke: mwaka 1982, eneo la Chicago, watu 7 walikufa baada ya kumeza vidonge vilivyotiwa sumu ya sianidi na mtu ambaye hajajulikana mpaka leo. Kampuni iliyomiliki dawa hiyo, Johnson & Johnson, iliondoa sokoni chupa kama milioni 31, zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 100, kisha ikarudi na vifungashio vinavyoonyesha kama vimechezewa. Kisa hiki hufundishwa kama ushindi wa mawasiliano, na hapo mimi hutofautiana na vitabu kidogo. Maneno yao yalikuwa mazuri kwa sababu chupa zilikuwa zimeshaondolewa. Tangazo lilelile, chupa zikiwa bado rafuni, lingekuwa aibu. Mwaka 2010, baada ya kisima cha kampuni ya mafuta ya BP kulipuka kwenye Ghuba ya Mexico na kuua wafanyakazi 11, mkurugenzi mkuu wake Tony Hayward aliomba radhi mbele ya kamera kwa usumbufu uliowapata watu, kisha akaongeza kwamba hakuna anayetaka jambo hilo liishe kuliko yeye, kwamba naye anataka maisha yake yarudi. Radhi yote ilisahaulika, ikabaki sentensi ile moja. Utaombwa uandike jinsi ambavyo angesema. Kabla hujaandika, jiulize kwanza mafuta yalikuwa yamezibwa au bado yanatiririka. Yalikuwa yanatiririka.

Kuna somo la sheria na maadili ambalo wanafunzi hulilala. Usililale. Kampuni ikiwa na hisa sokoni, matokeo yake hayasemwi kwa rafiki, kwa mke wala kwenye kikundi cha simu kabla ya kutangazwa rasmi, na mwandishi wa mawasiliano ni miongoni mwa wachache wanaoyajua mapema. Mwajiriwa mpya anaweza kujiharibia kazi kwa ujumbe mmoja wa furaha.

Kazi za vikundi zitakuudhi. Watakuwa watano, watafanya wawili, watapata alama watano. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuandika kumbukumbu za kila kikao, hata cha dakika kumi: nani atafanya nini, lini, kisha kuwatumia wote siku hiyohiyo. Nusu ya ugomvi hufia hapo, na usipokufa unakuwa na karatasi ya kumwonyesha mhadhiri. Tena utakuwa umejifunza kazi ambayo maofisini wote wanaikwepa na mtu anayeiweza hasahauliki.

Ajira, sasa. Ukweli uliouomba ni huu: fani hii haina ukuta. Mjomba wako analindwa na mitihani ya bodi na cheti, asiye nacho hawezi kusaini hesabu. Kwetu, katika nchi nyingi, hakuna kitu kama hicho kinacholazimishwa. Vyama vya kitaaluma vipo, kama kile cha kimataifa cha wanamawasiliano wa biashara, IABC, kilichoanza mwaka 1970 na taasisi ya uhusiano wa umma ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1948 ambayo leo inaitwa CIPR, na kujiunga kama mwanafunzi kuna faida, lakini mwajiri hazuiwi kumchukua aliyesoma fasihi, sheria au uandishi wa habari. Utagombea nao nafasi ileile.

Nafasi zenyewe ni nyingi kuliko jina la digrii linavyoonyesha. Afisa mawasiliano na afisa uhusiano ndizo zinazojulikana. Zipo pia mawasiliano ya ndani, yaani kuzungumza na wafanyakazi. Uandishi wa zabuni na mapendekezo, ambako sentensi moja isiyojibu kigezo hukosesha kampuni kazi ya mwaka mzima. Uhusiano na wawekezaji, ambako huingii kama hukusoma mizania, yaani jedwali la mali na madeni ya kampuni. Mafunzo ya wafanyakazi. Uandishi wa hotuba na barua za wakurugenzi. Wengi huanza chini, wakisahihisha barua pepe za wengine na kupanga majina kwenye orodha za wageni. Hakuna aibu hapo. Huko chini ndiko utakakojifunza nani hasa ndiye mwenye uamuzi katika ofisi.

Kwa kuwa hakuna ukuta, utajijengea wako kwa jalada la kazi. Na hapa wengi hukosea: huweka kazi zilizokamilika tu, zinazong'aa, na mwajiri hana njia ya kujua nani alizing'arisha. Wewe hifadhi rasimu. Chukua kazi nne au tano kwa miaka yote, kila moja na rasimu ya kwanza, ile yenye wino mwekundu wa mhadhiri, na ya mwisho. Kwenye usaili mfungulie moja na umweleze kwa nini aya ya nne ilipanda ikawa ya kwanza. Nimekaa upande wa pili wa meza ya usaili mara kadhaa, na anayefanya hivyo huacha wengine nyuma ndani ya dakika tatu. Angalizo: nyaraka za ndani za mahali ulipofanya mafunzo kwa vitendo usizitie humo bila ruhusa ya maandishi. Anayekuonyesha siri za mwajiri wa jana, kesho ataonyesha zako.

Mafunzo kwa vitendo yenyewe usiyafanye kwa ajili ya mhuri. Ukifika, omba upelekwe siku mbili mbali na idara ya mawasiliano: ghalani, dawati la malalamiko, kwa watu wa fedha. Watashangaa. Wengi watakubali, kwa kuwa hakuna anayewaombaga hivyo.

Sasa mashine. Nimelijaribu tangazo langu lile la mshahara. Niliipa programu ya akili mnemba maneno niliyopewa na bosi miaka ile, ikaniandikia aya nne safi kuliko zangu, zisizo na kosa la sarufi, na ndani yake mlikuwa na "baadhi" na "kidogo" vilevile. Ingefanyaje? Haikwenda ofisi ya fedha. Haikuambiwa siku tano, na haikujua kwamba ilipaswa kuuliza. Kwa hiyo ile kazi ya kupanga maneno mazuri juu ya taarifa uliyopewa, ndiyo, imepungua thamani na itazidi kupungua. Anayesomea hiyo peke yake nitamwonya. Kazi ya kushuka ngazi na kuuliza, kumbana mkurugenzi kwa adabu mpaka aseme tarehe, kujua kwamba mama wa usafi ana mkopo unaokatwa tarehe 27, hiyo sijaona mashine inayoiomba. Chuoni tumia programu hizo pale unaporuhusiwa, lakini rasimu ya kwanza iandike mwenyewe. Ukungu wa kwenye rasimu yako ndio utakaokuonyesha usichokijua. Ukimpa mwingine akuandikie, atakufutia ukungu na kukuachia ujinga.

Nichukue au niache, umeniuliza. Kama shida yako na hesabu ni woga, chukua, woga huo unatibika muhula wa kwanza. Kama ni chuki ya kweli, kwamba ukiona jedwali la tarakimu unafunga ukurasa na hutaki kubadilika, basi nenda kasome fasihi au uandishi wa habari kwa moyo mmoja. Huko utakuwa na furaha zaidi na hutakuwa umepoteza kitu.

Kabla hujajibu chuo, fanya jambo moja. Kampuni zenye hisa sokoni huweka ripoti zao za mwaka wazi kwenye intaneti. Pakua moja, yoyote. Soma kwanza barua ya mwenyekiti iliyo kurasa za mbele, ile yenye maneno matamu. Kisha mpelekee mjomba kurasa za nyuma zenye tarakimu, ukae naye jioni moja, umwulize habari mbaya ya mwaka ule iko wapi. Ataipata. Akishaionyesha kwa kidole, rudi kwenye barua ya mwenyekiti utafute kama imo, na iko aya ya ngapi.